Siku Mtani Alipoanza Kuniamkia

Hemedi mwanangu,

Barua zote nilizosoma maishani mwangu huanza na mimi mzima, hofu kwako uliye mbali. Hii naigeuza. Wewe ni mzima, nimekuona asubuhi ukimaliza sahani ya mihogo na kuchungulia sufuria. Hofu iko kwangu mimi niliye hapa hapa, kwenye ngazi ya mlango wa jikoni, na wewe umekwenda Milola kumuaga bibi yako. Naandika sasa kwa sababu tunajuana. Kesho stendi, mbele za watu, nitafanya mzaha mpaka kondakta ashike mbavu, basi litaondoka, na mama yako atakuwa hajasema hata neno moja la maana. Hii nitaichomeka chini ya mandazi. Ukiwa na njaa utaikuta.

Habari za sweta, za dawa ya malaria, za kutompa mtu pasipoti yako akuangalizie, nimeshazisema mpaka umeanza kunijibu kwa kope. Sizirudii.

Nina shida moja. Kompyuta imekufa, na wewe unaondoka.

Usicheke. Najua uliniambia juzi, "Mama, nitakuandikia barua za kawaida, za stempu." Barua za stempu za kutoka India nazijua. Ile ya mtoto wa Bi. Sharifa ilifika mwenyewe ameshafika, akaipokea, akaisoma barazani kama habari za mtu mwingine. Na simu, ukimaliza "haloo, haloo, unanisikia?" imeshakatika. Kwenye kompyuta ndiko tulikopanga kukutana. Wewe uandike huko, mimi huku niunge waya wa simu, kile kidude kilie kama paka aliyebanwa na mlango, maneno yako yashuke. Mwaka mzima umenifundisha. Nimejua kuwasha, nimejua kuandika kwa kidole kimoja, nimejua hata kutuma, mimi niliyeishia darasa la nne kwa sababu mwalimu wa hesabu alinionea wivu. Ukiondoa maofisi, nitajie mwanamke mwingine mji huu mwenye imeili nyumbani kwake. Nitajie! Halafu wiki hii hii ya safari yako, kioo kimekuwa cheusi ti.

Tangu hapo silali, mwanangu. Naamka naibonyeza, nakaa, naibonyeza tena, kama mtu anayemtikisa maiti.

Mpaka jana, kwa ile mashine nilishaomba msaada kwa kila mtu isipokuwa anayeijua. Unakumbuka ilivyogoma mara ya kwanza? Niliipangusa kwa kitambaa cha maji, nikaianika uani juu ya jamvi, pembeni ya korosho. Bi. Sharifa akapita na ndoo yake.

"Mama Hemedi, na huyo naye atakauka lini?"

"Huyu hakaushwi," nikamwambia. "Huyu anaota jua. Dubai ndivyo wanavyofanya."

Dubai nimefika, ndiyo, nimefika mimi na kanga zangu, lakini kompyuta iliyoanikwa sikuiona hata moja.

Ikaja ile ya mjomba wako Shaweji, mtu wa ofisini Dar. Alinielekeza kwa simu, mimi mkono mmoja simu, mkono mmoja kibodi, wewe umeshika tochi.

"Dada, bonyeza F8."

"Nimebonyeza."

"Kumetokea nini?"

"Kumetokea Kiingereza."

"Kinasemaje?"

"Sijui kinasemaje, lakini kimekasirika."

Ikaja na ya yule kijana wa duka la fotokopi. Alisema ina virusi, akachomoa kipande akaenda nacho kukisafisha. Kipande hakijarudi mpaka leo, na mwenyewe nasikia kahamia Masasi. Kila aliyekuja aliniuliza kwanza swali moja, "Ilianzaje?" na kila mmoja nilimpa jibu moja, "Ilizima yenyewe." Hata wewe, safari hii, ulipouliza, nilikujibu hivyo hivyo, nikakazia na kiapo.

Na siku zote hizo Fundi Mbonde yuko nyuma ya soko, ukitupa jiwe linafika. Alianza na redio, akaja kwenye televisheni, na hii ruksa ya kila mtu kuingiza anachotaka ilipojaza mji vitu vya umeme vilivyochoka, akajifunza na kompyuta. Watu wanatoka Nachingwea kumletea. Mimi sikwenda. Wewe unajua kwa nini, ulikuwepo. Ila ulikuwa kidato cha kwanza, na ulichokiona ni mwisho wake tu. Mwanzo wake nilikuwa nao peke yangu, ndani ya basi.

Enzi zile nilikuwa napanda Dar na korosho, nashuka na vitenge. Safari ile sikununua vitenge. Niliona kompyuta Kariakoo, imetumika, imetoka Uarabuni, nikasema hii naipeleka Lindi, tena si ofisini, nyumbani, watu waje kwangu kuitazama. Nikabaki mjini kuipigania. Huku nyuma baba yako akashikwa na homa. Walipiga simu kwenye gesti niliyoizoea, nami nilikuwa nimehamia nyingine iliyo karibu na lile duka, na sikumwambia mtu. Nani wa kumwambia? Mimi mtembea dunia niage kama mwali?

Basi likanasa kwenye matope Nyamwage, tukalala njiani. Nilikuwa nimelipakata boksi langu kama mtoto mchanga. Kila aliyeuliza nilimweleza, na asiyeuliza pia nilimweleza. Tulipofika Kitomanga, yule mama muuza ndizi tunayejuana naye akanyanyua sinia mpaka dirishani, akaniona, akalishusha.

"Mama Hemedi, pole."

"Tumeshapoa," nikamwambia. "Matope yametukomesha."

Hakucheka. Alinipa chane ya ndizi, nikatoa hela, akausukuma mkono wangu ndani ya dirisha. Basi likaondoka nikiwa bado nimeshika ile hela. Muuza ndizi akikataa hela yako, kuna mtu amekufa. Kutoka pale mpaka mjini nilikuwa najiuliza ni nani tu, na jina lako nililitaja, Mungu anisamehe, nikaomba awe mwingine. Akawa mwingine.

Nilipofika, baba yako ameshazikwa. Aliyeingia kaburini kumpokea ni Mbonde, maana yeye Mngindo sisi Wamwera, na kwenye msiba mtani ndiye mwenye kazi. Nikaingia uani na mchukuzi nyuma yangu, boksi kichwani. Nadhani hapa ndipo ulipotoka ndani, ukaona. Mbonde alilipokea lile boksi, akalifungua mbele ya jamvi la wanaume, akakiweka kioo kitini na kukivika kofia ya baba yako.

"Jamani kazeni dua," akasema, "mwenye nyumba karudi! Mke wake kamfuata Kariakoo, kamleta na uso wa kioo. Huyu hali, hanywi, hauguzwi. Akizima, unawasha."

Watu walicheka. Shangazi yako alicheka huku machozi yanamtoka. Hata mimi, ungekuwa msiba wa mwingine, ningeanguka kwa kicheko, maana nimewatania Wangindo misibani mpaka wakaomba poo. Lakini lile neno, hauguzwi. Wote pale walikuwa nalo kooni na wamelimeza. Yeye peke yake utani ulimpa ruhusa ya kulitema. Nilimzaba kofi.

Hakunirudishia. Aliivua ile kofia taratibu, akaikunja, akanikabidhi kwa mikono miwili. Akasema, "Shikamoo, mama."

Mtu aliyenizidi umri, Hemedi. Mtu aliyekuwa akiniita mchawi wa Milola tangu siku ya harusi yangu, akiingia kwangu bila hodi. Toka siku ile, tukikutana sokoni, shikamoo mama. Msikitini siku ya Idi, shikamoo mama. Wageni wanadhani nimepata mtoto mwenye adabu. Wenyeji wanajua nimefungiwa mlango wa utani. Wazee waliniambia niende nikamtulize, nikawajibu mimi simfuati mtu. Nikakaa eda yangu chumbani na ile mashine, imefunikwa kanga, tunatazamana. Waliokuja kunipa pole wakawa wanaipa pole na yenyewe.

Nimekuandikia haya kwa sababu naogopa, na ninachokiogopa nimekiona kwako. Ulipokuwa bweni Kilwa ukaugua, wenzako wakakubeba kwa machela, na barua yako niliyoipata wiki ile imeandikwa "mimi mzima sana, mama." Mzima sana! Habari nilipewa na dereva wa lori la chumvi. Nilipofika ukanitazama na macho ya njano, ukasema, "Sikutaka usumbuke." Nilikugombeza, lakini moyoni nilijijua. Hayo maneno ni yangu, umenyonya kwangu. Mimi ndiye ambaye kila kitu changu huzima chenyewe.

Basi leo asubuhi, gari la Milola lilipokata kona tu na wewe ndani, nikaita mkokoteni. Nikapakia kisanduku na kioo, nikaenda nyuma ya soko.

"Shikamoo, mama," akasema Mbonde, na kusimama akasimama.

"Shikamoo kampe bibi yako. Nimeleta mgonjwa."

"Karibu kiti, mama."

Nikakaa. Nikaona nimchokoze, labda damu itamkumbuka. Nikamwambia, "Hivi wewe wa kutoka porini Liwale, nani alikuonyesha umeme? Si unaupuliza bado uzime?"

Zamani hapo ningejibiwa mimi, mama yangu na ukoo mzima wa Milola. Aliinamisha kichwa. "Kweli, mama."

Nikamtupia la masikio yake. "Kweli, mama." La mguu wake uliopinda. "Kweli kabisa, mama." Vijana wawili waliofuata redio zao wakaanza kunitazama kama mtu mzima anayetukana watu ovyo, na mmoja akanong'ona, "Huyu bi mkubwa vipi?" Nilijisikia natupa mawe kisimani yasiyolia chini.

Akashika bisibisi. "Ilianzaje, mama?"

"Ilizima yenyewe."

Akaiweka bisibisi mezani. "Sawa, mama. Iliyozima yenyewe mimi sina dawa yake. Iache, nikipata nafasi wiki ijayo nitaitazama."

Wiki ijayo! Hemedi, mimi nimebishana na Waarabu, nimebishana na forodha, nimelala Nyamwage matopeni nikaamka nacheka. Pale, kwenye kigoda cha fundi redio, wiki moja ilinishinda. Niliona kesho kutwa nyumba haina mtu. Nikaona mwezi unapita, mwingine unapita, na wewe umelala mahali nisipoweza hata kupataja vizuri, unaandika mzima sana kwenye kompyuta ya huko, na hata huo uongo haunifikii.

Nikasema. "Niliichomoa kwenye stabilaiza. Nilitaka friji ichomekwe pale, igandishe barafu za kuwauzia wanafunzi. Umeme ukapanda, ikatoa moshi, ikanuka. Mwanangu nikamwambia imezima yenyewe."

Alikuwa ananitazama, ila kama mtu anayesikiliza redio anatafuta stesheni.

"Mtoto anaondoka kesho," nikamwambia. "Akiumwa, nani ataniambia? Baba yake sikumuuguza. Ulisema pale jamvini, na ulisema kweli, nami nikakupiga kwa kweli yako. Mbonde, sijui kitu kwenye hii mashine. Sijui. Nisaidie."

Wale vijana walikwishatoka, sijui saa ngapi. Mbonde alifungua kile kisanduku, akanusa, akapuliza vumbi, akang'oa bati fulani. "Pawasaplai, hiki cha kupokea umeme, imeungua," akasema. "Huko ndani kwingine sijui mpaka nitazame. Nenda nyumbani, mama."

Mama tena. Nikaondoka. Nililia njia nzima mchana kweupe, na kila aliyeuliza nilimwambia vumbi limeniingia, na jana mvua ilinyesha.

Basi nilipofika ndipo nikakaa hapa kwenye ngazi na kuanza kukuandikia. Nilitaka kuishia hapo, Hemedi, kwenye vumbi. Nilikuwa nimeshaanza sentensi ya kukuomba radhi, kwamba unaondoka na mimi sina njia ya kukufuata hata kwa maneno. Nimeifuta, utaona mahali palipochafuka wino, kwa sababu lango la uani lilifunguka bila hodi.

"Wamwera hamna adabu," mtu akasema. "Mgeni anaingia na hamsemi karibu?"

Alikuwa Mbonde, mikono mitupu, mashine hana. Alinipita hapa ngazini kama anapita kisiki, akaingia jikoni kwangu, akafunua sufuria. Nilikuwa nimekuchinjia yule jogoo mwekundu, nikampika kwa nazi, uondoke umeshiba.

"Huyu nani?"

"Huyo wa Hemedi. Anasafiri kesho."

"Alikuwa wa Hemedi."

Akachukua bakuli langu la maua, lile la Dubai, akamtia jogoo mzima, paja kwa paja, hata shingo hakuacha, akalifunika kwa kawa.

"Bakuli langu!"

"Na bakuli."

"Na mashine yangu?"

"Mashine yako iko mezani kwangu, matumbo nje. Pawasaplai nitaitafuta, nikikosa hapa nitaagiza Mtwara. Ikipata hiyo ndipo tutajua kama ubongo nao umeungua. Na usije kunisimamia kichwani, mchawi wa Milola wewe. Mtu mzima anaua kompyuta kwa tamaa ya barafu! Mtoto anakwenda kusoma India, mama yake anauza maji yaliyoganda!"

"Na ikiwa imekufa kabisa?"

"Nitakuja kula tena."

Akatoka. Nilinyanyuka nimkimbilie, mdomo ulishafunguka, na mkono, huu huu, ulishapanda. Nikaushusha. Nikakaa. Bi. Sharifa akachungulia ukutani kuuliza kama nacheka au nalia, nikamwambia sijui, na kwa mara ya kwanza leo sikuwa natania.

Kwa hiyo mwanangu, nakuaga bila kujua kama nitakusikia. Hicho kisanduku kinaweza kisiwake tena, na mimi nitaendelea kuamka usiku na mkono utatafuta kitufe kisichokuwepo. Sitakuficha. Lakini wewe andika. Fika, uandike, hata nikinyamaza, andika tena, yajikusanye huko yanakokaa. Ukiumwa andika unaumwa wapi. Ukifeli andika umefeli somo gani. Ukifanya ujinga, andika ulichomoa nini ukachomeka nini. Na huko utafute mtu mmoja wa kumwambia hivyo kabla hujachelewa, si lazima awe mpole. Mimi kila asubuhi nitakuwa kwenye kigoda nyuma ya soko, natukanwa, nasubiri.

Nakusikia getini, unamwamkia Bi. Sharifa, umerudi na njaa. Utafunua sufuria, utakuta mchuzi mtupu, na utaniuliza nyama iko wapi. Nitakuambia kweli: amekula fundi.

Mama yako